Maziwa ya Jiwe

Wale wanaotaka hadithi ya usiku wa manane, bundi akilia na mwezi ukijificha nyuma ya wingu, leo wanisamehe. Hii ilitokea mchana. Yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, jua likichoma mabati ya mtaa wetu wa Mbunya, majirani wakisonga bugali na redio zikiimba. Usiku angalau mtu anaweza kusema hakuona vizuri. Mimi niliona vizuri.

Naitwa Osée. Hapa Bunia wengi wananijua kwa kuchekesha katika masale, zile kumbi za parokia: nimekuwa mama mkwe, nimekuwa askari wa barabarani, nimekuwa mchungaji mwenye njaa. Siku moja nilichekesha watu kwenye kilio mpaka mwenye maiti akaomba turudie. Sijisifu. Nataka mjue tu kwamba mtu wa namna yangu, ukimpa jambo zito mkononi, kwanza analigeuza mzaha. Ndipo kosa lilipoanzia.

Mwaka ule nyumba yangu ilikuwa imejaa kama gunia la makabichi. Mdogo wangu Liévin na mke wake Noëlla walikuwa wamekimbia vita huko Bule, pamoja na mama mdogo wetu Scholastique, mdogo wa marehemu mama. Walifika kwa miguu. Liévin amebeba godoro, Noëlla amebeba sufuria moja, na Mama Scholastique hakubeba kitu, ila kitambaa kidogo kilichofungwa fundo, amekitia kifuani. Ndani ya kitambaa mlikuwa na jiwe jeusi.

Jiwe jeusi kwetu si siri. Ni kipande chepesi, laini, kama sabuni iliyobakia ukucha. Mtu akiumwa na nyoka unachanja jeraha kidogo, damu inatoka, unaweka jiwe. Linashika. Huwezi kulibandua hata kwa meno. Linakunywa sumu, na likishiba linaanguka lenyewe. Halafu linalazwa katika bakuli la maziwa ya ng'ombe ili litapike. Mapovu yakiisha, jiwe limetakata, na maziwa yale yanamwagwa katika shimo. Mama Scholastique alikuwa anakaa pembeni ya shimo mpaka udongo ukauke, mikono magotini, kama mtu anayelinda mlango.

Mimi nilikuwa nimetunga mchezo mzima juu ya lile jiwe: jiwe linaingia bar, linakunywa, linakataa kurudi kwa mke wake. Watu walilia kwa kucheka. Mama Scholastique mwenyewe alicheka mpaka kilemba kikamwanguka.

Sasa, Noëlla. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, na ilikuwa mimba ya nne. Mbili za kwanza zilitoka kabla ya wakati. Mtoto wa tatu alizaliwa, akapumua mpaka saa sita mchana, akaacha. Liévin alikuwa amekwisha kupigilia kitanda kidogo cha mbao, ingawa wamama wa mtaa walimwambia kitanda hakimtangulii mtoto. Siku moja aliniambia mimi kaka yake, bila kunitazama, "Yaya, huyu naye akienda, mi nakwenda naye."

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, nilikuwa nakunywa chai nikibishana na Noëlla: andazi la mwisho ni haki ya mwenye nyumba au ya mwenye mimba? Alikuwa anakaribia kushinda. Piki piki ikaingia kiwanjani na watu watatu.

Mtu wa katikati alikuwa amefungwa kamba kiunoni asianguke. Aliitwa Katsuva, mpasua mbao wa msituni, upande wa Komanda. Mkono wake wa kulia ulikuwa mkubwa kama paja, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Mwenzake alishika gunia. Walikuwa wamepita kituo cha afya, wakaambiwa dawa ya nyoka haiko mjini wiki ile. Barabarani mtu akawaelekeza kwa mama wa Bule. Gunia lilikuwa la kuonyesha. Kwetu ukiumwa unakuja na aliyekuuma, kama kwenye tribinali, mbele ya hakimu.

Wakamwaga nyoka chini ya mparachichi wangu, juu ya majani makavu.

Hakuwa mrefu. Alikuwa mnene. Kichwa chake kilienea kiganja changu chote, rangi ya jani lililokauka, na mstari mwembamba katikati kama mshipa wa jani. Mgongoni ungesema fundi alikaa na rula akachora: kahawia, zambarau, rangi ya maziwa, pembe kwa pembe. Walikuwa wamemkata karibu na shingo. Niligeuka kutafuta fimbo. Niliporudisha macho, sikumwona. Alikuwa mzoga, hatua mbili mbele ya viatu vyangu, na sikumwona.

Halafu tumbo lake likatembea.

Panga lilikuwa limempasua kidogo ubavuni, na pale wakaanza kutoka, mmoja mmoja, wembamba kama kalamu, kila mmoja amefungwa katika ngozi nyembamba kama ya kitunguu. Waliipasua wenyewe. Walikuwa hai, wamekamilika, na michoro yao yote mgongoni. Mwenzake Katsuva alisema kwa sauti ya chini kwamba nyoka huyu hatagi mayai. Anazaa kama mama. Mama Scholastique akaamuru tuwachome wote. Tukawachoma. Noëlla alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mkono juu ya tumbo, na nilipomwambia asiangalie, alikuwa amekwisha kuangalia yote.

Kwa kawaida jiwe linakaa juu ya jeraha saa mbili, tatu. Hili lilikaa siku tatu. Ijumaa asubuhi likaanguka, na Katsuva akaketi, akaomba chumvi. Tulipiga makofi. Mama Scholastique akalilaza jiwe katika maziwa aliyoletewa na watu wa Katsuva, bakuli zima, maziwa mazito yenye utando. Yakachemka bila moto. Yakageuka rangi ya chai, halafu rangi ya majani. Kufika mchana mapovu yakaisha, na maziwa yakarudi kuwa meupe. Meupe kuliko yalivyoletwa.

Kuna desturi: aliyeweka jiwe lazima amsindikize aliyeumwa mpaka barabara kubwa, asigeuke nyuma, la sivyo kidonda kinabaki naye. Kwa hiyo Mama Scholastique alitoa jiwe, akalifunga, akanipa bakuli. Akaniambia niende nyuma ya choo, nichimbe shimo, nimwage, nikae pale mpaka udongo ukauke. Akarudia mara mbili, kwa sababu ananijua.

Wakaenda. Mimi nikabaki na bakuli.

Niwaambie ukweli mbele ya Mungu: nilikuwa na akili zangu zote. Nilijua yale ni maziwa gani. Lakini katika nyumba ya watu waliofika na sufuria moja, maziwa hayamwagwi chini. Hata mbwa angekushitaki. Na asubuhi ile ile Noëlla alikuwa amesema ana hamu ya maziwa mpaka meno yanamuuma. Nikajiambia kwamba moto unaua kila kitu. Nikayachemsha, yakapanda, nikashusha, yakapanda, nikashusha, mara tatu. Nikatia sukari na tangawizi. Nikaweka taulo mkononi kama garson wa hoteli, nikamwinamia: bibie, jiko letu linakusalimu.

Noëlla alicheka. Akainua bakuli, akanywa, hakulitua. Koo lake lilikuwa linapanda na kushuka. Alipomaliza aliniuliza polepole, "Shemeji, iko ingine?"

Nikasema yameisha. Akaingiza kidole katika bakuli, akafuta, akalamba, akafuta tena, mpaka bakuli likakauka. Alikuwa ameacha kucheka. Hilo nililikumbuka baadaye.

Wa kwanza kuondoka walikuwa panya. Nyumba yangu ilikuwa na panya wanaocheza mpira darini. Baada ya wiki mbili, kimya. Nilitangaza mtaani kwamba wamehamia Aru, wamepita duane ya mpakani bila karatasi. Watu wakacheka. Nikacheka nao.

Halafu Noëlla akaacha kula. Hakuugua. Sahani ya bugali na sombe ilimfikia imejaa, ikarudi imejaa, naye anasema ameshiba. Siku tatu. Wiki. Wiki tatu. Mtu asiyekula anakonda, hata mtoto wa shule anajua. Noëlla alinenepa. Mikono ilijaa, shingo ilijaa, ngozi ikang'aa.

Akaanza kukaa chini ya mparachichi. Asubuhi anakwenda pale, anaketi juu ya majani makavu, anakunja miguu, anaegemea mti. Saa kumi na mbili jioni Liévin anamwinua, wanaingia ndani. Katikati hasogei. Hapana, mnisikilize vizuri: hasogei. Kuku walimpanda mapajani, maana kuku hajui kuogopa kitu kisichotembea. Nilimwona nzi akitua juu ya jicho lake. Nzi akatembea kutoka pembe moja mpaka nyingine. Jicho halikupepesa.

Liévin alifurahi. Alisema Noëlla ametulia, na utulivu ni mzuri kwa mtoto. Alikuwa anaketi pembeni yake, anaimbia tumbo nyimbo za kwaya, huku tumbo linakua.

Siku moja nilishika fagio kufagia majani. Nilitazama chini ya mti. Hapakuwa na mtu. Nikafagia, nikisimulia peke yangu mchezo mpya, na fagio likagonga mguu.

Alikuwa pale. Kikwembe alichojifunga kilikuwa cha bluu, bluu ya Bikira Maria. Alikuwa ameketi mbele yangu, mtu mzima mwenye mimba, katika kikwembe cha bluu, na sikumwona. Aliniangalia. Akatoa pumzi. Ndefu. Nzito. Kama tairi la lori linalotolewa hewa taratibu. Nilihesabu kichwani mpaka kumi na tisa, na ilikuwa bado inatoka.

Siku ile Mama Scholastique alikuja nikiwa nanawa uso. Akauliza maziwa yale niliyamwaga wapi.

Na mimi, ambaye maisha yangu yote nimesema uongo ili watu wacheke, nikasema uongo ambao hakuna aliyeucheka. Nikasema: nyuma ya choo, karibu na migomba. Nikaonyesha kwa kidole. Nilimwogopa Liévin. Nilikiogopa kile kitanda kidogo.

Alinieleza basi. Udongo ulioyanywa maziwa unayashika, ndiyo kazi ya udongo. Mtu akishikwa na kitu cha nyoka, unachukua udongo wa pale pale, unampaka, na kile kitu kinamjua mwenzake, kinashuka, kinarudi chini. Hakuna dawa nyingine. Akachimba pale nilipoonyesha. Siku saba alimpaka Noëlla udongo wa migomba yangu, tumboni, mgongoni, nyayoni, akiomba rozari. Nilimchotea maji. Siku saba nilimchotea maji na sikufungua mdomo.

Siku ya nane aliosha mikono yake, akaitazama.

"Udongo haidanganyaka, Osée," akasema. "Batu njo banadanganyaka."

Nilimwambia amechoka, apumzike. Mtaani walikuwa wameanza kumsema. Wamama wa maombi walikuwa hawapiti tena kwetu; walisema mlozi wa Bule anamla mkwe wake polepole. Nilisikia. Nilikuwa na neno moja la kuwaambia. Nililikunja, nikaliweka.

Miezi tisa ikafika, ikapita. Kumi ikapita. Liévin akaacha kuimba. Mwezi wa kumi na moja ulipoanza alimleta Bénédicte, muuguzi wa maternité, wodi ya wazazi, mama wa mwili mkubwa, mwenye vicheko kuliko mimi. Kila tulipokutana tulishindana. Aliingia akisema huyu mtoto anasubiri nini, anasubiri viza? Akapiga magoti juu ya majani, akaweka koni yake ya mbao juu ya tumbo la Noëlla, akaweka sikio.

Akasikiliza kulia. Akasikiliza kushoto. Juu. Chini. Akarudi kulia. Uso wake ukawa unazimika kidogo kidogo. Alipoinuka hakupangusa magoti. Alinivuta mpaka kwenye ukuta, kwa sababu hakuthubutu kumvuta Liévin.

"Mutoto iko na roho moja inapigaka kifuani," akaninong'oneza. "Hapa iko mingi. Niliacha kuhesabu."

Nilimuuliza kama ni mapacha. Akachukua mkoba wake. Koni aliiacha kwenye majani, na hajawahi kutuma mtu kuifuata.

Wiki ile ile Katsuva akarudi kushukuru. Mkono wake ulikuwa umekauka kidogo, lakini ulishika, na ulishika kidumu cha asali ya msituni. Aliingia akiita jina la Mama Scholastique kwa furaha. Akafika katikati ya kiwanja. Akasimama.

Wageni wote walipita mbele ya Noëlla bila kumwona, mpaka tuwaonyeshe. Katsuva alimwona palepale. Alirudi hatua moja, halafu nyingine, kama mtu anayetoka mbele ya mfalme. Asali akaiweka chini bila kuinama sana, macho yamebaki kule.

Nilimfuata nje. Nikamwuliza kuhusu yule nyoka, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa. Akaniambia. Miaka kumi na miwili amelala msituni, anamjua. Nyoka yule anakaa juu ya majani mahali pamoja, wiki, hata mwezi. Anaweza kukaa miezi bila kula. Hamfukuzi mtu, hamfukuzi mnyama, anangoja wamfikie. Ukimkanyaga, mara nyingi hakuumi, anatoa pumzi tu. Ila akishika haachi. Wengine wanauma na kuachia. Huyu anashika, anangoja kilichoshikwa kitulie. Na jike lake linabeba mimba karibu mwaka. Likizaa, linaondoka. Haligeuki. Watoto hawahitaji kufundishwa, wanakuja na sumu yao tayari mdomoni.

"Watoto wangapi?" nikauliza.

Akatazama barabara. "Ule wa kwangu alikuwa na makumi. Na huyu, mimba yake iko na miezi ngapi?"

"Kumi na moja."

Akaondoka kwa miguu, haraka, hakungoja piki piki.

Ndipo nikaenda kwa Mama Scholastique. Alikuwa anachambua maharagwe. Nilipiga magoti, mimi na tumbo langu, nikamwambia yote: bakuli, sukari, tangawizi, taulo. Nilitegemea atanipiga. Niliomba anipige. Aliendelea kuchambua, mbovu huku, nzima huku, mpaka ungo ukaisha.

"Ungeyamwaga chini, ningekuwa na udongo," akasema. "Sasa udongo ni yeye. Nimupake nini?"

Nikamwuliza kama Liévin aambiwe. Akajibu kwamba Liévin amebakiza siku chache za kuwa baba, nisimnyang'anye. Halafu akatoa kitambaa chake kifuani, akaenda chini ya mparachichi, akaketi mbele ya Noëlla, mikono magotini. Kama alivyokuwa anakaa pembeni ya shimo. Hakuondoka pale tena, ila kulala.

Jumapili, saa saba mchana. Liévin ametoka misa, anabadilisha shati. Mimi nimekaa kwenye kizingiti na sahani. Watu wa jirani wako upande ule wa ua, wanacheka juu ya kitu. Jua limesimama juu ya vichwa. Upepo hakuna.

Majani yakasikika.

Chini ya mti. Kidogo. Kama mvua inapoanza. Nilitazama. Nilimwona Noëlla, nilimwona Mama Scholastique, wote wawili wameketi. Majani yalikuwa yametulia. Hakuna jani lililosogea. Sauti ikaendelea. Ikaenea. Ikafika karibu na miguu yangu, ikanipita, nikasikia kitu kama pumzi kwenye kifundo. Sikuona kitu. Natazama na sioni. Nikapandisha miguu juu ya kizingiti.

Halafu kimya.

Noëlla akasimama. Alisimama peke yake, mwepesi, mara ya kwanza baada ya miezi. Tumbo lilikuwa limelala. Kikwembe kilikuwa kikavu, safi, hakuna tone la damu. Akaja jikoni, akavuta bugali, akala. Akala sahani yake, na yangu, na ya Liévin. Liévin akatoka na shati nusu mkononi. Alimtazama tumbo. Akatazama chini ya mti. Akauliza, sauti karibu haipo, "Noëlla. Mutoto iko wapi?"

Noëlla alimtazama kama unavyomtazama mtu aliyekuuliza habari za nyumba ambayo hujawahi kuishi. Akafuta mdomo. Akatoka getini, bila viatu, bila mfuko, akaelekea barabara ya Komanda. Liévin alimfuata mpaka kwenye soko dogo. Alirudi peke yake. Anasema alikuwa mbele yake, hatua kumi, barabara nyeupe, watu wachache. Na halafu hakuwa anamwona tena. Hakukimbia. Hakukata kona.

Mama Scholastique alikuwa bado ameketi. Nilimgusa bega. Alikuwa amekufa, macho wazi, hana jeraha hata la mwiba. Kitambaa kilikuwa kimefunguliwa, na jiwe lilikuwa katika kiganja chake cha kulia. Nililivuta. Mwosha maiti alilivuta. Padri alilivuta. Limeshika. Tukamzika nalo, na mpaka tunafunika sanduku lilikuwa bado halijaanguka.

Niliukata mparachichi. Majani niliyachoma yote. Nikamwita fundi, nikamwambia afunike kiwanja kizima kwa simenti, kutoka shina mpaka kizingiti, nisione tena jani wala udongo katika maisha yangu. Alimaliza saa nne asubuhi. Ililainika kama kioo. Mimi na Liévin tulichukua viti, tukakaa ukingoni kuilinda, kuku wasipite, watoto wa watu wasipite. Tulikaa mpaka saa kumi. Hatukusinzia. Tuliitazama simenti ile kama watu wanavyotazama televisheni, na hakuna kitu kilichopita juu yake. Naapa hakuna.

Saa kumi Liévin alinigusa goti, akaonyesha.

Simenti ilikuwa imekauka. Na juu yake kulikuwa na alama za viganja. Vidogo, vya mtoto mchanga, vidole vitano vitano, vimekamilika mpaka mistari. Mamia. Hapakuwa na alama ya goti. Hapakuwa na alama ya mguu. Nyuma ya kila jozi ya viganja kulikuwa na mfereji mmoja tu, laini, ulionyooka, upana wa mkono wangu. Zilianzia kwenye shina la mti. Zilipita kati ya viti vyetu viwili. Zilikwenda mpaka kwenye mlango wa nyumba, na zote zilikuwa zinaingia.

Hakuna iliyotoka. Nimeangalia kila siku tangu siku ile. Mimi ninalala juu ya meza, mtu mzima wa kilo tisini na tano, na mzaha wa hilo mtautunga wenyewe.

Liévin hataki tuhame. Mlango hafungi, mchana wala usiku. Kila siku baada ya chakula anapiga magoti pale nje, anaweka kidole chake ndani ya viganja vile, kimoja kimoja, anapima. Jana nilimsikia akinong'ona, nikasogea kusikiliza. Alikuwa anawapa majina. Na kila baada ya jina anageuza kichwa kuelekea ndani ya nyumba kama mtu aliyeitikiwa, anatabasamu, halafu anakwenda kwenye jina lingine.